Katika Nyayo za Sayyida Salme: Ziara ya Kutwa Kutoka Mtoni Hadi Shangani

Mama yangu alikua akilisikia jina la Sayyida Salme likitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la binti wa Sultani aliyeivunjia heshima nyumba ya baba yake kwa kutoroka na Mzungu. Mimi nililisikia jina hilo hilo kwa sauti nyingine kabisa, kutoka kwa wale wanaoitembeza Zanzibar kwa wageni, ambao wamemfanya mhusika wa hadithi ya mapenzi yenye mapaa mawili yanayotazamana na merikebu inayosubiri usiku. Kwa hiyo nilipotulipia, mama na mimi, ziara ya kutwa nzima inayofuata maisha ya bibi huyu tangu alikozaliwa hadi alikoondokea, sikutarajia kujifunza mengi. Naandika tathmini hii kwa sababu nilijifunza mengi, na pia kwa sababu kuna jambo moja zito ambalo ziara hii hulipita haraka mno.

Huduma yenyewe inaendeshwa na kijana mmoja wa mjini asiye na ofisi wala kibao. Wenyeji wa nyumba za wageni humjua na hutoa namba yake kwa anayeuliza. Hachukui zaidi ya watu sita kwa siku, na siku yetu tulikuwa wanne. Tulilipa shilingi 45,000 kila mmoja, usafiri ukiwa ndani ya bei hiyo, lakini viingilio na chakula cha mchana vikiwa juu yetu. Tulianza saa mbili asubuhi na kumaliza karibu na magharibi. Ni siku ndefu kwa mtu mzima, na mama, ambaye magoti yake hayana nguvu kama zamani, aliweza kuimaliza kwa sababu tulikwenda wakati wa kipupwe na kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa mwepesi wa kutafuta baraza ya kumketisha kila tuliposimama. Nilipenda kwamba alifanya hivyo bila kuombwa, na kwamba alimwita "bibi" kwa heshima ile ile kutoka asubuhi hadi jioni.

Sehemu ya kwanza, Mtoni, ndiyo bora kuliko zote, na kama ningekuwa na nusu siku tu ningeilipia hiyo peke yake. Jumba la Beit el Mtoni sasa ni magofu ya mawe ya matumbawe kando ya bahari, kilomita chache kaskazini ya mji, na mtu akifika peke yake ataona kuta zisizo na dari, mabaki ya hamamu na miti iliyoota kwenye nyufa, basi. Hapa ndipo alipozaliwa Salme tarehe 30 Agosti 1844, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Jilfidan, suria aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi ya Circassia, huko Kaukazi. Mwenyeji wetu alitusimamisha uani na kuanza kutujengea jumba kwa maneno: mahali walipotembea tausi na mbuni, mahali watoto wa ukoo walipofunzwa kupanda farasi, upande wa bahari palipokuwa na roshani kubwa ya mviringo ambayo Sayyid Said alipenda kutembea humo huku na huko akiwa amezama katika mawazo. Zaidi ya watu elfu moja walihesabiwa kuwa wakazi wa jumba hilo na viunga vyake. Ukishaambiwa hivyo, unaanza kuielewa tofauti kati ya mtoto wa mfalme katika hadithi na mtoto huyu, ambaye alikuwa mmoja kati ya wengi. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 alikuwa na watoto 36 walio hai, wana 18 na mabinti 18.

Katika wingi huo ndipo mwenyeji wetu alipoweka msingi wa ziara yake yote, na nampa sifa kwa hilo. Hakuanza na mapenzi. Alianza na kalamu. Akatoa mfukoni mwa shanta yake mfupa mpana na bapa, wa bega la ng'ombe, akaueleza kwamba ni badala tu, kwa kuwa mfupa wenyewe uliotumika zamani ulikuwa wa bega la ngamia. Watoto wa ikulu, wa kike kwa wa kiume, walifunzwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hakukuwa kwa mabinti. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwa wino juu ya mfupa wa namna hiyo, akizifuta na kuziandika tena mpaka mkono wake ukazoea. Tulipewa mfupa tuushike. Mama aliupitisha kidole mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza, "Na wewe mwanangu, haya yote umeyapata wapi?" Jibu lilikuwa wazi na la kuridhisha: kwa Salme mwenyewe, ambaye alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwongozaji anayekueleza chanzo chake bila kubabaika ni hazina.

Ujuzi huo wa kalamu ndio uliomponza, miaka mingi kabla ya Mjerumani yeyote kuingia katika habari hii. Baada ya kifo cha Sayyid Said, Zanzibar ilibaki kwa mwanawe Majid, na mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua, Salme, msichana wa miaka 15 hivi ambaye mama yake alikuwa ametoka kufariki, aliingizwa upande wa Barghash kama katibu. Barua za njama zilitoka mkononi mwake. Mapinduzi yalishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni, na Salme baadaye akapatana na Majid. Kupatana huko hakukusamehewa na upande aliouacha, hata na dada yake Khole ambaye alikuwa kipenzi chake. Mwenyeji wetu alilisimulia hili tukiwa bado Mtoni, tukitazama upande wa mji, akasema tulikumbuke hadi mwisho wa siku. Nilishukuru baadaye, kwa sababu bila hilo, mwenendo wa Barghash mwaka 1885, alipokataa kumpokea, unaonekana kuwa ghadhabu ya kaka kwa dada aliyeolewa na Mkristo, kumbe uadui ulikuwa umeshafikisha miaka 25 na ushei.

Kuhusu safari ya kurudi mjini sina la kusema, isipokuwa kwamba gari lilikuwa safi.

Katika Mji Mkongwe mambo yanapanda na kushuka. Ufukwe wa Mizingani ni mahali pagumu kusimulia habari za miaka ya 1860, kwa sababu karibu kila kinachoonekana hapo kimejengwa baada ya Salme kuondoka. Beit el Ajaib ilijengwa na Barghash mwaka 1883, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Beit el Sahel, jumba ambalo familia ilikaa mjini, liliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na lililopo sasa limejengwa mahali pake. Waongozaji wengine huyaficha haya ili mgeni aamini kwamba anatazama dirisha lile lile alilochungulia binti wa Sultani. Huyu aliyasema yote wazi, akatumia picha za zamani kwenye kompyuta yake ndogo kutuonyesha umbo la ufukwe lilivyokuwa, na ndani ya jumba la makumbusho alituacha peke yetu nusu saa nzima katika chumba kilichotengwa kwa ajili ya Salme. Sikulijutia hilo hata kidogo. Ipo picha yake maarufu akiwa amevaa nguo za kike za Kizanzibari, suruali yenye marinda na mapambo kichwani, na ukiitazama kwa utulivu, bila mtu kukupigia kelele sikioni, unamwona mwanamke anayeitazama kamera kama anayeihoji.

Kisha tukafika penye nyumba ya mapenzi, na hapa lazima niwe mkali. Tulisimamishwa katika kichochoro, tukaonyeshwa nyumba mbili zinazokaribiana, tukaambiwa hii ndiyo ya Salme na hii ndiyo ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg aliyekuwa wakala wa kampuni ya Hansing. Ni kweli kwamba walikuwa majirani. Ni kweli pia, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba kutoka nyumbani kwake aliweza kuona karamu za Wazungu katika nyumba ya jirani yake, ambayo paa lake bapa lilikuwa chini kidogo ya lake. Lakini mtu aliyetwambia Mtoni, kwa uangalifu mzuri, kipi ni ukuta wa zamani na kipi ni ukarabati, hapa alinyoosha kidole kwa uhakika ambao hakuwa na ushahidi wake. Nilipomwuliza alijuaje, alisema ndivyo wanavyosema watu wa mtaa. Habari za mtaa zina thamani yake, nami ningezipokea kwa furaha zikiitwa kwa jina lake. Zikisemwa kwa sauti ile ile ya tarehe na nyaraka, zinaitia doa kazi nzuri ya asubuhi nzima.

Alijirekebisha tulipofika Shangani, karibu na jengo lililokuwa ubalozi mdogo wa Uingereza. Hapo tuliketi juu ya ukuta mfupi wa bahari, na kwa muda wa saa moja akatusimulia mwaka 1866 kama mwanasheria anayepanga kesi. Salme alikuwa na mimba ya Ruete. Katika nyumba ya Al Busaid, ukoo wa Sultani, na katika sheria iliyotawala mji mzima, mwanamke wa Kiislamu hakuweza kuolewa na Mkristo, na mimba nje ya ndoa ilikuwa hatari kwa maisha yake. Wakati huo huo mji ulikuwa umejaa wafanyabiashara wa Kijerumani na wa mataifa mengine ambao riziki yao ilitegemea ridhaa ya Sultani, na Majid alijua kwamba kumgusa Mjerumani kungeleta mgogoro na mataifa. Jambo la watu wawili likawa jambo la mabalozi. Mke wa daktari aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza alimsaidia, na usiku wa tarehe 24 Agosti, siku chache kabla hajatimiza miaka 22, Salme alipanda mashua akapelekwa kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, iliyomfikisha Aden.

Usiku huo ulikuwa wa Siku ya Mwaka. Kwa msomaji asiyezijua desturi za pwani, hiyo ni sikukuu ya mwaka wa Kiswahili, ambayo watu huiadhimisha pamoja na mambo mengine kwa kwenda kuoga baharini, na hivyo wanawake kuonekana pwani usiku hakukumshangaza yeyote. Mama aliposikia hivyo alitabasamu, akasema kwamba katika miaka yote aliyosikia kisa hiki hakuna aliyemwambia kuwa binti huyo alipita katikati ya watu wanaokoga mwaka. Kwangu huo ndio ulikuwa wakati mzuri kuliko wote mjini. Kisa kilichokuwa kimegeuzwa mali ya wageni kilirudi mikononi mwa wenyewe kwa jambo dogo tu ambalo kila mtu wa pwani analitambua.

Yaliyofuata yalisimuliwa hapo hapo, bila kuhama, jambo ambalo halikuepukika kwa kuwa yalitokea mbali. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Aden mwezi Desemba mwaka huo, naye hakuishi. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri kwenda Hamburg. Walipata watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Ndoa yenyewe, ile iliyomtikisa Majid na mabalozi na kumfanya mwanamke mmoja kuwa gumzo la bahari mbili, ilidumu miaka mitatu na miezi miwili tu. Mwezi Agosti 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwacha mjane wa miaka 25 mwenye mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi minne, katika nchi yenye baridi na lugha aliyokuwa bado anajifunza. Majid, ndugu pekee mwenye madaraka aliyekuwa na huruma naye, alifariki mwaka huo huo, na kiti kikamwendea Barghash.

Mwenyeji wetu alifanya vizuri kutumia muda mwingi kwenye miaka hiyo ya ujane kuliko kwenye mapaa na karamu. Salme aliishi zaidi ya miaka 53 baada ya kifo cha mumewe, akihama Dresden, Rudolstadt, Berlin na Köln, akifundisha Kiarabu, akibana matumizi, na hakuolewa tena. Mwaka 1875 alikwenda London kujaribu kuonana na Barghash aliyekuwa ziarani huko, Waingereza wakamzuia. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na msafara wa manowari za Wajerumani, wakati Bismarck, kansela wa Ujerumani, alipokuwa akimbana Barghash kuhusu ardhi ya bara, na hapo ndipo tulipokumbushwa lile tuliloambiwa asubuhi. Barghash alikataa kumpokea. Watu wa mji walimiminika barabarani kumsalimu, lakini haki ya mirathi aliyoidai haikupatikana, wala hakuipata aliporudi tena mwaka 1888 baada ya Barghash kufariki. Akaishi Jaffa, kisha Beirut hadi 1914, na akafia Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa Ruete, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar alichokuwa akikitunza.

Sasa nalieleza lile jambo zito. Asubuhi nzima Mtoni tulisikia juu ya elfu moja na zaidi waliokaa katika jumba lile, na hatukuambiwa kwamba wengi wao walikuwa watumwa. Mama ndiye aliyeligusa, bila kukusudia mabishano, alipouliza, "Na mtoto kama huyu alilelewa na nani?" Mwenyeji wetu akajibu kwa sentensi moja kuhusu yaya na kuendelea na habari za tausi. Mchana tulipita umbali mfupi kutoka kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na hatukugeuka. Karafuu zilizomlisha Salme, shamba alilorithi akiwa na miaka 12, mikono iliyombeba na kumwosha, vyote vilikuwa kazi ya watu walionunuliwa. Mama yake mwenyewe alikuwa mateka kabla ya kuwa suria. Na katika kumbukumbu zake, Salme alitetea utumwa wa Kiarabu na kuwalaumu Wazungu waliotaka kuukomesha. Kwa ajili hiyo wakuu wa mtaa mmoja wa Hamburg, waliokuwa wamekipa kiwanja jina lake mwaka 2019, waliamua mwaka uliofuata kulifuta jina hilo.

Nilimwambia haya tulipokuwa tukinywa kahawa Forodhani. Hakukasirika. Alisema kwamba wageni wengi huja kwa ajili ya mapenzi, na kwamba ameona nyuso zikibadilika anapotaja watumwa. Nalielewa tatizo la mtu anayepata riziki yake kwa kuwapendeza watu, lakini sikubaliani naye. Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kuondoa mapenzi mbele ya kisa na kuweka kalamu anaweza kabisa kuongeza swali la nani aliyemletea Salme ule wino. Hapunguzi utukufu wa bibi huyo kwa kufanya hivyo. Jumba la Mtoni haliwezi kueleweka bila wao, na mahali pa kulisema hilo ni pale pale uani, tukiwa tumesimama juu ya sakafu yao.

Je, ninaipendekeza? Ndiyo, tena kwa nguvu, hasa kwa Waswahili wenzangu ambao tumezoea kudhani kwamba ziara za namna hii ni za wageni. Omba lugha iwe Kiswahili tangu unapopiga simu, kwa sababu akisimulia kwa lugha yetu hutumia maneno kama suria, mirathi na kuritadi bila kuyapaka sukari. Nenda miezi ya baridi, vaa viatu vinavyoshika kwenye mawe, na ukiwa na mzee, omba mapumziko ya adhuhuri yawe marefu zaidi ya yale tuliyopewa sisi, kwani dakika 40 hazikutosha kuswali na kula kwa utulivu.

Kuna swali moja la mama ambalo mwenyeji wetu hakuweza kulijibu siku ile: kama Salme alikuwa tayari ameshapata fungu lake baba yake alipokufa, alikuwa akidai nini miaka yote ile? Alisema atauliza. Siku ya tano baada ya sisi kurudi nyumbani nilipata ujumbe wake wa sauti, mrefu kiasi, alioutuma akiomba nimsikilizishe bibi. Alieleza kwamba fungu la mwaka 1856 Salme alilipokea akiwa Mwislamu na lilikuwa lake. Alichokidai baadaye kilikuwa mafungu ya ndugu zake waliofariki baada ya yeye kubatizwa, na kwa sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mwishoni mwa ujumbe aliongeza kwamba kuhusu zile nyumba mbili za kichochoroni, tangu wiki hiyo ameanza kuwaambia wageni kuwa ni habari za mtaa. Mama aliusikiliza mara mbili, kisha akaniomba nimwulize habari za yule yaya.